Kengele Iliyotangulia Barua

Ndugu wanachuo, makala haya yanahusu sentensi moja. Niliitamka mbele ya ubao mwaka 2022, katika kipindi cha TEHAMA cha mwaka wa pili, na wote waliokuwamo darasani, 43 kwa idadi, waliinakili katika madaftari yao. Sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Yaandikwavyo na prosesa, ndivyo yafikavyo kwenye kadi." Ilikuwa na mizani ya kupendeza masikioni, na kwa hiyo ilikaririwa upesi. Lakini haikuwa kweli. Na kama palikuwa na mtu mmoja pale chuoni aliyekuwa na kila sababu ya kujua kuwa si kweli, mtu huyo alikuwa mimi.

Siku ile nilikuwa nikieleza jinsi ujumbe utokavyo katika kompyuta na kuingia katika mtandao. Nilichora masanduku mawili. La kushoto nililiita prosesa, yaani kile chombo kitekelezacho amri zote za kompyuta. (Vitabu vingi hukiita ubongo. Mimi siipendi tabia hiyo, kwa sababu humfanya mtoto aamini kuwa chombo kile kina nia.) La kulia nililiita kadi ya mtandao, ambayo ndiyo hupeleka ujumbe katika waya. Kati yao nikaandika jina la programu ndogo iitwayo kiendeshi, ambayo kazi yake ni kuipa kadi maagizo. Nikaeleza kuwa kadi inayo sehemu ya kumbukumbu yake yenyewe, na kuwa kiendeshi huiamuru prosesa iandike ujumbe humo. Kisha, ujumbe ukisha kuandikwa, prosesa huandika namba katika mahali pengine padogo paitwapo rejista ya kengele. Kadi ikiiona namba hiyo, hujua kuwa kazi imeletwa, nayo hukichukua kilichoandikwa na kukipeleka.

Mwanachuo mmoja wa kike, akaaye dawati la nyuma, alinyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Nani anayehakikisha kuwa maneno yamefika kabla ya kengele kulia?"

Nilitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika 4. Ndipo nilipoitoa ile sentensi. Hakuridhika.

"Hata kama njiani kuna foleni?"

"Mwanangu," nikamwambia, "hayo ni ya mafundi. Wewe unakwenda kufundisha darasa la sita."

Wenzake wakacheka, naye akaketi. Kipindi kikaisha kwa amani, na mimi nikaenda kunywa chai.

Juma la pili yake nilikuwa nikipitia maandalio ya masomo ya wanachuo waliokuwa karibu kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Andalio la yule binti lilikuwa miongoni mwa yaliyokuwa safi kabisa. Katika hatua ya maarifa mapya alikuwa ameiandika sentensi yangu kwa kalamu ya wino, bila kubadili neno. Pembeni yake palikuwa na alama ya kuuliza iliyoandikwa kwa penseli, kisha ikafutwa kwa ufutio, lakini haikufutika yote. Niliitazama alama ile kwa muda mrefu. Ilikuwa dhahiri kwangu kuwa yeye alikuwa amekwisha kuona mahali palipooza, na kuwa alikuwa anakwenda kuwafundisha watoto kinyume cha akili yake kwa sababu mkufunzi alisema hivyo.

Hapana budi sasa niseme jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Kabla ya kurudi nyumbani na kuwa mkufunzi wa hisabati, nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi moja ya Ulaya, na kazi yangu ilikuwa ni kuandika viendeshi vya kadi za mtandao. Na mwaka 2012, katika kazi hiyo, nilipoteza majuma matatu ya maisha yangu kwa swali lile lile aliloniuliza yule binti.

Nieleze kwanza kwa nini mtu ajisumbue kufikiria namna ya kuandika maneno machache katika kadi. Mtandao tulioushughulikia ulikuwa wa kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde. Pakiti ndogo kabisa ya Ethernet ina baiti 64. Mbele yake hutangulia baiti 8 za kumwamsha mpokeaji, na baada yake huachwa nafasi ya baiti 12. Jumla ni baiti 84, yaani biti 672. Zigawanye kwa bilioni 10, utapata kuwa pakiti moja huchukua nanosekunde 67.2, na kuwa zinaweza kupita pakiti zipatazo milioni 14.88 kila sekunde. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika nanosekunde 67 nuru yenyewe, ambayo haina mshindani kwa mbio, hutembea mita 20 hivi, yaani kutoka ubao wa darasa moja hadi ukuta wa nyuma wa darasa linalofuata. Ndani ya muda huo kiendeshi kinapaswa kuwa kimemaliza kila jambo lihusulo pakiti moja, maana nyingine imekwisha kubisha hodi.

Kwa hiyo kuna mambo ambayo hayafanyiki kabisa. Mathalani, prosesa haipaswi kuisoma kadi kwa kila pakiti. Kusoma ni kuuliza na kusubiri jibu, na safari ya kwenda na kurudi aghalabu hula mamia ya nanosekunde. Kuandika ni nafuu zaidi, kwa sababu mwandishi hutia barua katika sanduku la posta na kwenda zake. Walakini hata kuandika kuna gharama, na gharama yenyewe imefichika mahali ambapo mtu hatazamii: katika bahasha.

Maandiko yaendayo kwenye kadi hupita katika njia iitwayo PCI Express, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 2002. Katika njia hiyo hakuna neno lisafirilo tupu. Kila andiko hufungwa pamoja na anwani, alama ya mwanzo, namba ya mfuatano na hesabu ya kuhakiki kuwa halikuharibika njiani. Kwa anwani ndefu za biti 64, ufungashaji huo huchukua baiti 24. Sasa tuseme kiendeshi kinataka kupeleka baiti 64, nacho kinaziandika nane nane, kwa kuwa hicho ndicho kipimo cha kawaida cha andiko moja la prosesa. Kila andiko litakuwa na baiti 8 za ujumbe na baiti 24 za bahasha, jumla 32. Na maandiko manane yatakuwa baiti 256. Lakini kama baiti zote 64 zingetiwa katika bahasha moja, jumla ingekuwa 88 tu. Robo tatu ya mzigo wa namna ya kwanza ni bahasha! Mtu apelekaye hivyo ni kama mwalimu mkuu amwandikiaye Afisa Elimu barua ya sentensi nane, na kila sentensi akaitia katika bahasha yake na kuibandika stempu yake.

Hivyo ndivyo kiendeshi changu cha kwanza kilivyofanya, na si kwa uzembe. Prosesa huambiwa mapema, kwa kila eneo la anwani, jinsi ya kulitendea. Kumbukumbu ya kadi, kwa desturi, hutiwa katika kundi la maeneo ambayo hayahifadhiwi kwa muda popote: kila andiko hutoka papo hapo, peke yake, na kwa mfuatano ule ule ulioandikwa na mwandishi wa programu. Ni njia ya polepole, lakini ni ya uaminifu. Katika eneo la namna hiyo ile sentensi yangu ya ubaoni ni kweli kabisa, na huenda ndiyo sababu ilinijia mdomoni kwa wepesi.

Ipo namna ya pili, nayo huitwa kuandika kwa kukusanya. Intel waliitia katika prosesa ya Pentium Pro, iliyotoka mwaka 1995. Hapa prosesa hainyanyui mguu kwa kila andiko. Inazo bafa chache, yaani vihori vidogo vya muda, ambavyo katika prosesa tulizotumia kila kimoja kilikuwa na nafasi ya baiti 64. Maandiko yaendayo mahali pamoja huangukia katika kihori kimoja, na kihori kikijaa, vyote vilivyomo huondoka kwa bahasha moja. Mbinu hii ilipendwa kwanza kwa kumbukumbu za kadi za picha, na ukifikiri utaona sababu. Ukichora picha kwenye kioo, haidhuru nukta ya kushoto ikitangulia ya kulia au ikichelewa. Baada ya kitambo kisichoonekana kwa jicho zote zitakuwa zimefika. Kwa hiyo waliotunga mbinu hii hawakuahidi mfuatano. Kihori kilichojaa huondoka upesi. Kihori ambacho hakijajaa hukaa mpaka kitokee cha kukisukuma: labda nafasi yake inahitajiwa, labda prosesa imekatizwa na jambo jingine. Na vihori viwili visivyojaa vikisubiri pamoja, hakuna sheria isemayo kipi kitangulie.

Nilisoma habari hizo katika kitabu cha prosesa, nikazielewa, au nikadhani nimezielewa. Asubuhi moja nikabadili mstari mmoja wa programu, kumbukumbu yote ya kadi ikawa ya kukusanya. Kasi ikapanda mara moja. Wenzangu walikuja mezani kwangu kutazama namba, na mmoja alinipiga begani. Nilisema "kumbukumbu yote" kwa makusudi, kwa maana rejista ya kengele ilikuwa katika eneo lile lile, baiti chache mbele ya mahali pa barua, nami sikuitenga.

Siku ya tano hivi ikaja habari kuwa kadi hutuma takataka. Si mara nyingi. Pengine mara moja katika saa tatu au nne. Pakiti hutoka ikiwa na kichwa kipya na mkia wa zamani, yaani nusu ya ujumbe wa sasa na nusu ya ujumbe uliokuwa umeandikwa mahali pale pale hapo awali. Mara nyingine pakiti haitoki kabisa, hukaa, kisha hutoka pamoja na ya baada yake, kama mtoto mchelewaji aingiaye darasani nyuma ya mwenziwe. Nilishuku waya. Nilishuku kadi yenyewe, nikaomba nyingine. Nilimshuku mwenzangu aliyeandika sehemu ya kupokea, na nina aibu kusema kuwa nilimwambia hivyo mbele ya watu. Kila nilipojaribu kwa pakiti zangu za majaribio, kosa halikutokea hata mara moja.

Baada ya majuma matatu ndipo nilipotambua kuwa barua zangu zote za majaribio zilikuwa ndefu. Zilijaza baiti 64 sawasawa. Kihori kilijaa, kikaondoka upesi, kengele ikafuata. Wateja wetu walituma pia barua fupi, za baiti 40 au 48. Barua fupi haikijazi kihori. Ilikaa humo ikisubiri, na kengele nayo, ambayo ni baiti 8 tu, ilikaa katika kihori chake ikisubiri vilevile. Aghalabu barua ilitangulia. Mara moja moja ilitangulia kengele, au barua ilitoka vipande vipande na kengele ikapenya katikati. Kadi ilisikia kengele, ikaenda mahali pa barua, ikakuta nusu mpya na nusu ya zamani, na ikapeleka ilichokikuta. Kadi haikukosea hata kidogo.

Dawa yake ilikuwa ya mistari miwili. Kwanza niliirudisha rejista ya kengele katika eneo lisilokusanywa, ili isisubiri kihorini. Pili niliweka kati ya barua na kengele amri ya kizuizi, ambayo katika prosesa za Intel huitwa SFENCE. Maana yake ni hii: maandiko yaliyo kabla ya hapa na yatoke kwanza, ndipo yaliyo baada yaruhusiwe kutoka. Mtu akinukuu kitabu cha Intel ataniambia kuwa hatua ya kwanza peke yake ingetosha kwa prosesa zile, kwa sababu andiko liendalo kwenye eneo lisilokusanywa huvimwaga vihori vyote. Ni kweli. Lakini kiendeshi kile kile huja kutumika katika prosesa za watengenezaji wengine wenye desturi nyingine, nami nilikuwa nimekwisha kuungua.

Niongeze kuwa kwa hofu ile nilitia kizuizi baada ya kila mstari, na kasi yote niliyoipata ikapotea. Kizuizi huisimamisha prosesa. Kukitia kila mahali ni kama mwalimu aulizaye "Tumeelewana?" baada ya kila sentensi, watoto wakaitikia "Ndiyo!" na somo lisiende mbele. Mahali pake ni pamoja tu, pale ambapo kitu kimoja kinategemea kuwa kingine kimekwisha kufika.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani siku ile nilipotazama saa na kumwambia binti yule kuwa ni mambo ya mafundi. Siwezi kusema sikujua. Nilikata shauri tu kwamba mwalimu wa shule ya msingi anastahili kitu kilicho rahisi, na kwa uvivu nikampa kitu kilicho kinyume. Kurahisisha ni kuacha mambo kadhaa bila kuyataja. Ningeweza kusema, "Yapo maagizo maalumu ya kuhakikisha hilo, tutayaona," na ingechukua muda ule ule.

Ilikuwa Alhamisi, na wanachuo walikuwa wanaondoka Jumatatu. Nilimwomba mkufunzi wa Kiswahili anipe kipindi chake cha Ijumaa asubuhi, naye kwa hisani yake akanipa. Niliingia, nikaiandika sentensi yangu ubaoni, nikaipiga mstari wa katikati, nikasema, "Hii niliwafundisha, nayo si sahihi. Mwenzenu aliuliza swali nami nikamzima. Leo tutalifanya swali lake kwa mikono." Darasa likawa kimya sana. Yule binti aliinamisha kichwa, nami nikaona kuwa kusahihisha mbele ya watu kunaweza kumwaibisha hata yule anayetendewa haki, kwa hiyo sikulitaja jambo lake tena.

Tulitoka nje. Mwanachuo mmoja alikuwa prosesa, akakaa mezani katika veranda. Mwingine alikuwa kadi, akakaa chini ya mwembe ulio upande wa pili wa uwanja, penye rimu la gari tulitumialo kuwa kengele ya chuo. Mezani pake paliandikwa mahali nane kwa chaki, na katika kila mahali paliwekwa karatasi yenye neno la sentensi ya zamani: "Jana tulivuna mahindi mengi na kuyaanika hapa uwanjani." Prosesa alipewa sentensi mpya ya maneno manane.

Mara ya kwanza kila neno lilitiwa katika bahasha yake, bahasha ikaandikwa anwani kamili ya chuo pamoja na sanduku la posta, na mjumbe akaipeleka kwa miguu. Tulitumia dakika 6. Mara ya pili maneno yote manane yalitiwa katika bahasha moja, tukatumia dakika moja na nusu. Nani asiyeelewa? Waliona wenyewe kuwa muda mwingi ulikwenda kwenye kuandika anwani.

Mara ya tatu nikawaweka wakusanyaji wawili, kila mmoja na sinia. Wa kwanza alipokea maneno, wa pili alipokea agizo la kupiga kengele. Sheria yao ilikuwa fupi: sinia likijaa, nenda mara moja, lisipojaa, nenda ukiitwa, na wa kwanza kusikia ndiye wa kwanza kwenda. Nikampa prosesa sentensi ya maneno matano tu. Wote wawili wakabaki wamesimama na masinia yasiyojaa. Nikaita. Aliyebeba kengele alikuwa kijana mwenye miguu mirefu. Kabla mwenziwe hajafika nusu ya uwanja, rimu lilikuwa linalia, na kadi, kama alivyoagizwa, akasimama akasoma kwa sauti kuu karatasi zilizokuwa mbele yake: "Jana tulivuna mahindi mengi na kuyaanika hapa uwanjani!" Kicheko kilichotoka hapo kiliwafanya wakufunzi wengine watoke madarasani kutazama.

Walipotulia niliwauliza wafanye nini ili jambo hilo lisitokee. Majibu yalikuja mengi. Mmoja alisema kadi asubiri kidogo baada ya kengele. Nikamwuliza, kidogo kiasi gani? Mwingine alisema kila sinia lijazwe kwa karatasi tupu hata kama barua ni fupi; na hili, ndugu zangu, ni jambo ambalo viendeshi vya kweli hulifanya, ili kihori kiondoke kwa bahasha moja, ijapokuwa peke yake halitoi ahadi ya mfuatano. Yule binti alisema, kwa sauti ndogo, "Prosesa asimpe mwenye kengele agizo lake mpaka amwone mwenye maneno ametoka." Hicho ndicho kizuizi. Tulirudia kwa sheria hiyo mara tatu, na mara tatu barua ilitangulia.

Kwa wale watakaojaribu zoezi hili katika shule zao, nawatahadharisha kwa jambo moja nililoliona siku ile. Wakusanyaji wangu walikuwa watu, na watu hutaka kusaidia. Katika marudio mmoja wao alimsubiri mwenziwe kwa hiari yake, kwa kuwa aliona kosa linakuja. Nilimsimamisha. Kihori hakioni wala hakimhurumii mtu. Mwalimu asipolisisitiza hilo mapema, watoto wataondoka na imani kuwa vyombo vitajipanga vyenyewe. Pia tumieni karatasi za zamani mezani. Meza ikiwa tupu, kadi atasema tu "hakuna kitu", na ubaya wenyewe wa kosa hili, yaani kusomwa kwa jambo la jana kana kwamba ni la leo, hautaonekana.

Elimu hii haikusimama mwaka 2012. Mwaka 2014, Linux toleo la 3.18 liliweka namna ya kukiambia kiendeshi kuwa barua nyingine zinakuja nyuma, ili kengele ipigwe mara moja kwa barua nyingi. Na mwaka 2024 jambo la kuvutia lilirekebishwa katika Linux hiyo hiyo. Ilionekana kuwa katika baadhi ya prosesa mpya za ARM ukusanyaji haukuwa ukifanyika, ingawa eneo lilikuwa limetangazwa kuwa la kukusanya. Programu ilikuwa ikisoma neno kisha kuliandika, ikisoma jingine kisha kuliandika. Na kule kusoma katikati ya maandiko kuliikatiza prosesa, ikatoa kihori kabla hakijajaa. Dawa ilikuwa kusoma maneno yote manane kwanza, kisha kuyaandika manane mfululizo bila amri nyingine katikati. Kadi za Mellanox, ambazo siku hizi ni za NVIDIA, ni miongoni mwa zilizonufaika, kwa kuwa hupokea barua ndogo moja kwa moja katika kumbukumbu zao kwa baiti 64. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwanachuo wangu mmoja ambaye akinakili kutoka ubaoni hutazama juu kwa kila neno.

Yule binti alikwenda mazoezini akafundisha somo lake. Alibadilisha rimu kwa kengele ya mkono na bahasha kwa majani ya mwembe. Aliporudi alileta andalio lake nilitie sahihi. Sentensi yangu ilikuwa imefutwa, na mahali pake pameandikwa hatua za zoezi. Chini, katika nafasi ya tathmini, alikuwa ameandika kwa wino swali la mtoto mmoja wa darasa la sita: "Kwa nini kengele isitiwe ndani ya barua yenyewe?"

"Nilimwambia nitamwuliza mkufunzi wangu," akasema.

Nikamweleza kuwa wapo waliokwisha kulifanya. Baadhi ya prosesa za Intel za miaka ya karibuni zinayo amri iitwayo MOVDIR64B, ambayo hupeleka baiti 64 kama kipande kimoja kisichogawanyika. Na ARM nao wameweka amri ya namna hiyo katika kanuni zao. Barua ikiwa haiwezi kufika nusu, basi kule kufika kwake ndiko kulia kwa kengele, na hapahitajiki mjumbe wa pili.

Akafikiri. "Na kama barua ina maneno tisa, Mwalimu?"

Safari hii sikutazama saa. Nilimwambia avute kiti na alete karatasi.